Sekunde Arobaini Kabla ya Daraja

Tangu alipoambiwa ashuke akapumzike, mtu huyu hakupumzika hata nusu saa. Alikuwa dereva wa winchi, ile mikono mirefu ya chuma inayosimama katikati ya majengo yanayojengwa, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukaa peke yake ndani ya kabini huko juu na kushusha mizigo pale anapoambiwa. Kukaa kitako ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Sasa nyumbani hakukukalika. Alitoka sebuleni kwenda jikoni, jikoni kwenda uani, uani akarudi sebuleni, kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila alipopita mlangoni alikinyonga kitasa mara mbili kana kwamba kitasa nacho kina kesi ya kujibu.

"Keti, bwana," mkewe alimwambia Jumamosi ile, bila kuinua macho kwenye ratiba za zamu za wauguzi alizokuja nazo kutoka hospitali, ambako alikuwa karani. "Zulia limeanza kuota njia."

"Nimeketi."

"Umeketi huku umesimama."

Alikaa. Goti likaanza kucheza lenyewe, meza ikatikisika, kalamu ya mkewe ikachora mstari usiotakiwa katikati ya zamu ya asubuhi. Akasimama tena kabla hajaambiwa.

Wiki sita nyuma, kwenye ghorofa ya tisa ya jengo walilokuwa wakilijenga, paneli za kumwagia zege zilimbana mkono shemeji yake, mdogo wa mkewe. Shemeji ndiye aliyekuwa mtoa ishara wake, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minane. Lazima nieleze hapa, maana bila hili mambo mengine hayataeleweka. Dereva wa winchi haoni kila anapotua mzigo. Jengo likishapanda, ukuta humziba, akabaki na redio tu. Mtoa ishara anasimama pale mzigo unapofikia na kumwambia: shusha, shusha, polepole, kushoto kidogo, simama. Na neno "simama" lina sheria yake. Yeyote akilitamka redioni, hata muuza chai aliyepita kukusanya vikombe, dereva anaachia wenzo. Haulizi ni nani wala kwa nini. Kuuliza ni baadaye, mkiwa mmeshika vikombe vya huyo muuza chai.

Siku ile shemeji alisema simama. Dereva alilisikia. Akasikia pia ukelele. Kipi kilitangulia, na mkono wake uliachia wenzo lini, hakuweza kukumbuka, na kadiri alivyojikumbusha ndivyo vitu vile viwili vilivyozidi kuchanganyika kama uji na maziwa. Mkaguzi alikuja, akapima breki, nzima. Akapima kamba, nzima. Akasema wenzo ukiachiwa, mzigo unasimama pale pale. Shemeji alilala hospitali na kidole kimoja pungufu na kingine kimefungwa kibati, akamwambia mkaguzi, "Nilisema kwa wakati, naye akasimama." Basi yakaandikwa hayo. Lakini chuma kikishavuliwa lawama, lawama inahamia kwenye nyama, na dereva hakuhitaji kuelekezwa nyama ni ya nani. Alichelewa. Mtu alimwambia simama, naye akachelewa.

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomtafuna. Angetukanwa angejitetea. Jumatatu inayokuja mkaguzi alikuwa amsimamie akipandisha na kushusha mizigo mitupu, na akifaulu arudishwe kazini. Kufaulu mbele ya mkaguzi hakukumtisha. Mbele ya mkaguzi kila mtu ana mkono mwepesi. Alichotaka kujua ni kama mkono wake bado unatii pale usipojua kwamba unapimwa. Mara tatu alikuwa amemwomba mkewe adondoshe rula ili aidake, na mara tatu aliidaka, na haikumsaidia chochote, kwa sababu ukijua rula inakuja, mkono unajiandaa. Moyoni alikuwa ameshakata shauri: Jumatatu ikifika hajajua, ataweka kofia yake ya kazi mezani kwa msimamizi na kuondoka. Mkewe hakuambiwa, lakini mtu uliyekula naye chakula miaka kumi na sita ukimficha jambo unajisumbua bure.

"Ungekwenda kumwona," mkewe alisema.

"Nilikwenda juzi."

"Mkaongea nini?"

"Mvua."

Mkewe akaweka kalamu chini. "Mmoja mume, mmoja damu yangu, wote wawili mabubu. Endeleeni. Siku mtakayonitaka nichague, nitachagua kurudi kwa mama."

Saa tisa ilikuwa inakaribia, na saa tisa za Jumamosi zilikuwa za kikosi chake cha mchezo wa kompyuta. Dereva akaingia chumbani, akafunga mlango, akaenda kwenye kona yake.

Mchezo wenyewe unachezwa na watu waliotawanyika kila mahali, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakirusha ndege za kivita za zamani katika anga moja. Wengine wanapenda ndege ndogo za kupigana, zinazopinduka kama popo. Kikosi chake kilirusha ndege za mabomu, nzito, zenye injini mbili na tabia ya ng'ombe. Zinapanda polepole dakika arobaini, zinafika, zinaangusha, zinarudi. Mkewe alishamwambia kwamba waume wa wenzake wakipata nafasi wanafuga kuku, wa kwake anabomoa madaraja ya watu.

Alijitengenezea mahali pa kukalia kutokana na kiti cha kabini ya winchi kuukuu iliyotupwa, chenye nyenzo mbili, moja kila mkono. Wa kulia aliufanya usukani. Wa kushoto aliufanya wenzo wa mafuta, na hapo ndipo alipokosea, au ndivyo wenzake walivyosema, kwa sababu aliuachia springi yake ya asili. Wenzo wa winchi ukiuachia unarudi wenyewe katikati na kila kitu kinasimama. Ndege haina haja ya tabia hiyo. Ukiachia mafuta angani, injini zinakata na ndege inabaki kuwa bati. Kiongozi wa kikosi alimwambia mara nyingi aing'oe ile springi. Alijibu kwamba mkono wake umeizoea, na kwamba yeye haachii.

Kabla ya ajali walikuwa wakiruka wawili katika ndege moja. Yeye aliendesha, na shemeji, kutoka nyumbani kwake, alikaa kwenye darubini ya kulengea mabomu. Tangu ajali kiti kile cha pili kilikuwa kitupu na kompyuta ilikikalia yenyewe, kimya kimya, bila mzaha wala neno.

Akavaa hedifoni.

"Winchi amefika," ilisema sauti ya kiongozi. Huyu walimwita Mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu wa jiografia huko alikokuwa. Hakuna aliyewahi kumwona uso. "Nasubiri utulivu. Mama Pacha, maiki yako iko wazi."

"Itabaki wazi," alijibu mama mmoja, na nyuma yake ikasikika sufuria ikianguka. "Nina mikono miwili, Mwalimu. Mmoja unaendesha ndege, mwingine umeshika mtu suruali."

Mama Pacha alikuwa na pacha wa miaka mitatu, na kikosi kizima kilikuwa kimewalea kwa masikio. Walijua nani anagoma kula na nani anapenda kujificha kabatini.

Mwalimu akaeleza kazi kama anayefundisha darasa la sita. Daraja la reli kwenye mdomo wa bonde. Ndege sita za mabomu, mbili mbili, na ndege ndogo nne za kuwalinda. Wapinzani ni watu kama wao, nao wanajua wanakuja. Wiki mbili mfululizo kikosi kilikuwa kimelikosa daraja lile, na likisimama leo tena, vita vya mwezi mzima vimekwenda na maji.

"Winchi, ubavuni kwangu kulia. Mama Pacha, nyuma ya Winchi, chini kidogo. Dakika mbili za mwisho hakuna anayetikisika. Hata nyoka akikupita mapajani, unamwacha apite. Mimi nikisema 'sasa', wote mnaachia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuna swali?"

Hapakuwa na swali. Wakaruka.

Dakika arobaini za kupanda ni nyingi kwa mtu asiyetulia. Chini mashamba ya kompyuta yalipita, kijani, kahawia, kijani. Aliangalia kipimo cha joto la injini, akaangalia mafuta, akaangalia joto tena. Akajipangusa viganja kwenye suruali, kimoja kimoja. Kwenye winchi kimya cha juu kilikuwa mali yake. Humu kimya kilimjaa maneno. Shusha, shusha, polepole. Aliyasikia maneno hayo bila mtu kuyatamka.

"Mwenzako anarudi lini?" Mwalimu aliuliza ghafla.

"Mkono unapona."

"Mwambie kiti chake hakijagawiwa."

"Nitamwambia," alisema, akijua hatamwambia, maana siku hizi kwa shemeji alikuwa na habari za mvua tu.

Wapinzani waliwakuta kwenye ukingo wa bonde. Walinzi wao wanne walishuka kuwakabili, hewani kukawa na kelele za watu watano wanaongea kwa pamoja, na ndege moja ya mabomu, ya daktari wa mifugo aliyeruka nyuma kabisa, ikawaka bawa na kwenda chini huku mwenyewe akiaga kwa adabu. Zikabaki tano. Kisha mizinga ya chini ikaanza, na anga ikajaa madoa meusi. Ndege ilirushwa kushoto, akairudisha. Ikarushwa juu, akairudisha. Goti lake, kwa mara ya kwanza siku ile, lilikuwa limetulia.

"Dakika mbili," alisema Mwalimu. "Kaza."

Akakaza. Ubavu wa ndege ya Mwalimu ulikuwa karibu kiasi cha kuhesabu misumari yake. Mkono wa kushoto ulisukuma mafuta mbele, ukishindana na springi, kidole gumba tayari juu ya kitufe cha mabomu. Daraja lilionekana, jembamba kama uzi wa kushonea.

"Sekunde sitini. Hakuna kutikisika."

Madoa meusi. Kioo kikapata ufa.

"Arobaini."

"Simama!" ilisema sauti ya mwanamke. "Simama hapo hapo!"

Alipokuja kujua kilichotokea, kilikuwa kimeshatokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani, vidole vimekunjuka. Springi ilikuwa imerudisha wenzo katikati, pale pa sifuri, injini zimekata, pua imezama. Ndege ikarudi nyuma kama punda aliyegoma, ikamkalia Mama Pacha juu ya mgongo, na zote mbili, na mabomu yao yote, zikawa moto mmoja mkubwa mwekundu kwenye skrini.

"Sasa," alisema Mwalimu, sekunde arobaini baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Ndege tatu zikaachia mabomu yao. Moshi ukapanda, moshi ukaondoka, na daraja lilikuwa pale pale, na treni ikapita juu yake.

Kisha Mama Pacha akauliza, kwa upole wa kutisha, "Winchi, mwanangu alikuwa amepanda rafu ya vyombo. Wewe ulikuwa umepanda nini?"

"Uliachia," alisema Mwalimu.

"Niliachia."

"Kwa nini?"

"Amesema simama."

"Amemwambia mtoto!"

"Najua," alisema. "Sasa najua."

Mwalimu alimwondoa kikosini kwa Jumamosi tatu na kumwamuru aing'oe springi ile, la sivyo asirudi kabisa. Alisema na mengine, kuhusu nidhamu, na kuhusu watu wazima wanaoaibishwa na watoto wa miaka mitatu. Dereva aliitikia ndiyo kwa kila kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na aliinua mikono ile miwili akaitazama mbele na nyuma kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokiandikisha polisi kuwa kimepotea. Hakuna aliyemwambia rula inakuja. Aliamriwa asitikisike, kiongozi wake masikioni, mizinga tumboni, na bado sauti ya mwanamke asiyemjua kwa uso, kwenye jiko asilolijua, ilisema neno lile na mkono ukatii kabla yeye mwenyewe hajafika.

Mlango ukafunguka. "Nani amekufa?" aliuliza mkewe.

Alimweleza yote, kwa pupa, akirudia nyuma pale alipoyaruka. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda. Alielewa haraka, alikuwa ameidondosha rula mara tatu. Uso ukamfunguka, akamshika mkono wa kushoto akaubusu kwenye vifundo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wao.

"Kwa hiyo hukuchelewa," alisema.

"Sikuchelewa. Mkono huu haujui kuchelewa."

Furaha ya mkewe ilidumu kadiri ya mtu kuhesabu hadi tatu. Kisha akauachia ule mkono taratibu, akatazama ukutani.

"Nakwenda kumwambia," alisema dereva, ameshaanza kutafuta viatu.

"Nenda. Lakini usiende na hicho kicheko."

Hakumwelewa. Alitoka, akateremka barabara ya maduka ya vioo, akikwepa watu kwa hatua ndefu, na alikuwa amefika kwenye karakana ya pikipiki, nusu ya njia, ndipo akili ilipofika mahali mkewe alipokuwa ameshafika. Neno likisikika, mkono unaachia. Mkono ukiachia, mzigo unasimama pale pale. Mkaguzi alilipima hilo. Mzigo haukusimama mapema vya kutosha. Basi neno ndilo lililochelewa. Alisimama pale kando ya barabara, fundi wa pikipiki akamuuliza kama anahitaji kitu, akasema hapana, akaendelea kusimama.

Angeweza kurudi. Aliwaza kurudi, akawaza kwenda na kuongea mvua, akawaza kusema amefukuzwa kikosini kwa sababu alisinzia. Mwisho miguu yake, ambayo haikujua kukaa, ilimpeleka.

Shemeji aliishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Alimkuta amesimama mbele ya dirisha, anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja na nusu.

"Karibu, shemeji. Usinisaidie," alisema. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ninavyo tisa, sioni kwa nini vishindwe na kifungo." Akafunga kimoja. "Leo Jumamosi. Nani anaendesha ndege yetu?"

"Nimefukuzwa."

"Na Mwalimu? Umefanyaje?"

Hapa palikuwa na nafasi ya uongo, pana na laini, na dereva aliiona. Lakini walikuwa wameshushiana mizigo miaka minane kwa sauti peke yake, na shemeji aliijua sauti yake ikipinda hata kidogo. Akamweleza. Shemeji alicheka kuhusu ndege iliyogoma kama punda, akacheka zaidi kuhusu Mama Pacha na rafu yake. Dereva alipofika kwenye neno lenyewe, kicheko kikakatika.

"Ulijua ni mtoto anaambiwa?"

"Sikujua kitu. Mikono ilikuwa imeshaachia."

"Kabla hujafikiri."

"Kabla."

Shemeji akautazama mkono wake, kile kibati na pale pasipo na kitu. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila kuchoka.

"Basi ni mimi," alisema.

"Sikuja kwa ajili hiyo, shemeji."

"Najua. Ulikuja kufurahi." Hakulisema kwa hasira. Akakaa kwenye kiti, shati nusu wazi. "Paneli ilikuwa imebaki upana wa kiganja iingie mahali pake. Nikaona ikisogea kidogo tu hatutainyanyua upya. Nikaishika kwa mkono niielekeze, nikasubiri. Sijui nilisubiri kiasi gani. Wiki sita najiambia sikusubiri, na wewe ukija hapa nakutazama unavyohangaika na kiti, nasema moyoni, labda kweli ni yeye. Nikakuacha ulibebe kosa."

Dereva alimwonea huruma. Wakati huo huo alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko siku yoyote katika zile arobaini na mbili, na aliuonea haya wepesi wake. Akakaa kwenye kiti cha pili, na kwa muda mrefu wala goti lake halikucheza.

"Mkaguzi nitamwambia mwenyewe," alisema shemeji.

"Hawatakurudisha kwenye redio."

"Hawatanirudisha." Akaanza kifungo kilichofuata, kikamponyoka, akakishika tena. "Jumatatu utapanda?"

"Nitapanda."

"Watakupa mtoa ishara mgeni."

"Watanipa."

Shemeji akakipitisha kifungo kwenye tundu lake, akakivuta kuona kama kimeshika.

"Mwambie aseme mapema," alisema.